Msalaba wa Mbao Unatosha

Jumatatu, 3 Machi
Mama watoto,
Nimetoka makaburini. Kwako bado kibao cha namba. Jirani yako, mke wa Mwenye Duka, kalala chini ya marumaru inayong'aa kama kioo cha kinyozi. Najua ulivyosema siku ile ya mwisho umenishika kidole: "Baba, msalaba wa mbao unatosha. Pesa ikae mahali pake, isije ikakaa pa Mungu." Lakini wewe huioni hiyo marumaru! Pesa ya mbao ninayo, imo ndani ya kiatu chako cha Jumapili. Ya marumaru sina.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili. Nimemwomba mzee wa kanisa achangishe Jumapili kwa ajili ya kaburi lako. Kakubali, tena kafuta machozi. Siri yangu: pesa yote ya mbao naitia kapuni ndani ya bahasha isiyo na jina. Wakisikia mtu katoa kiasi hicho, nani atathubutu kutoa sarafu? Samaki hufuata chambo. Nimeshona soli mchana kutwa nikiimba. Sauti ya pili haikuwepo. Ilikuwa yako.

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Mzee wa kanisa kainua bahasha yangu juu, kasema msamaria mmoja kamaliza kazi, maana seremala kaulizwa na bei ya msalaba imetimia. Basi kapu lililobaki, lote, apewe mjane anayefagia kanisa, paa lake linavuja. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, ningefanyaje? Kisha macho yote yakamgeukia Mwenye Duka. Kainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa. Hakukana! Tulipotoka akanishika bega: "Usinishukuru mimi, ndugu yangu. Mshukuru Mungu."
Nikamshukuru yeye.

Alhamisi, 13 Machi
Msalaba umesimikwa. Mjane kaja na ndoo, kamwagia udongo maji usipeperuke. Anasema ulikuwa ukimpelekea sabuni kila mwezi. Sikujua. Nyumbani sabuni zikipungua nilikuwa nawasingizia panya, nawe unatabasamu tu. Umepata ulichokitaka, mke wangu. Pesa nimetoa mimi, asante kabeba mwingine.

Jumamosi, 15 Machi
Nimepita tena. Jua likipiga, marumaru ya jirani inautia msalaba wako kivuli. Haivumiliki! Nimerudi kwa mzee wa kanisa. Kasema sawa, utakapotimiza mwaka kaburini tutachangisha tena. Safari hii juu ya bahasha nitaandika kwa herufi kubwa: YA MARUMARU TU. Chambo kipo. Viatu vyako vya Jumapili nimevipiga rangi, vimepata mnunuzi leo hii. Alivijaribu hapa hapa kibandani. Vilimkaa.
Usininunie, mama. Ukiwa mbele za Mungu, nikumbuke.