Nyimbo za Kifaransa za Kumzuia Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Mke wangu kaisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha kaibandika kwenye mlango wa jokofu kama orodha ya vitu vya kununua. Wamempandisha cheo. Amepima ardhi miaka kumi na mmoja, sasa wanamtaka akawe mkuu wa ofisi ya kaskazini. Kaskazini! Mwendo wa saa tisa kwa basi, na hapo ni basi lisipoharibika. Jibu wanalitaka Jumatatu ijayo.

Akaniuliza naonaje. Nikasema chai ya leo imekolea.

Akanitazama kama anavyotazama kiwanja chenye mgogoro. Akaenda kuoga.

Ukweli, na nauandika hapa tu: sitaki aende. Siwezi kuifikiria nyumba hii bila buti zake zenye tope pale mlangoni. Lakini mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, fundi wa miwani anayeheshimika, hawezi kumlilia mkewe kama mtoto aliyenyimwa pipi. Zipo njia za kistaarabu. Nitaipata mojawapo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata. Kanipa Mzee Tai, mwenzangu dukani, ambaye hufunga tai hata siku za kubeba maboksi. Nilimweleza kijuujuu, kama habari za rafiki yangu. Akasema huyo rafiki yangu ambaye mke wake anataka kuhama, dawa yake ni muziki wa Kifaransa. Taa zipunguzwe, muziki upigwe taratibu, na mwanamke hatakuwa na nguvu hata ya kunyanyua sanduku. Kwa lugha ile, alisema, hata mtu akiagiza misumari utadhani anachumbia. Nikamuuliza kama anaijua. Hajui hata neno moja, na ndiyo sababu inamwingia vizuri.

Kanipa nyimbo arobaini kwenye flashi. Nimezisikiliza siku nzima huku nasaga lenzi. Kipimo changu ni pumzi: mwimbaji asiyevuta pumzi kwa uchungu angalau mara tano, nje. Wimbo wenye kinanda cha kodiani, nje. Unalia kama mlango wetu wa bafu. Zimebaki nne. Wa nne ndio wenyewe. Mwanamume ananong'ona, filimbi ya treni inasikika kwa mbali, kisha mwanamke analia kwa kwikwi. Nimeurudia mara sita. Mara ya sita nilikuwa tayari kujioa mwenyewe.

Lenzi ya kulia ya mwalimu mmoja nimeisaga kwa vipimo vya kushoto. Nitairudia kesho.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Nimetoka kazini mapema nitafute mahali pa kuweka spika. Kwenye rafu ya vitabu: sauti nyembamba. Bafuni: mwimbaji kama yuko kisimani. Ndani ya sufuria kubwa, kifuniko kikiwa nusu: ajabu! Sauti nzito, ya kiume, inatetemesha vijiko.

Nikaenda kutafuta mshumaa. Kumbe mke wangu karudi, kaona sufuria jikoni, kafunua atie maji. Mwanamume akamnong'oneza.

Aliniita kwa utulivu kabisa, akaniuliza ni tangu lini kuna mtu ndani ya masufuria yake. Nikasema najaribu. Akauliza najaribu nini. Nikasema sufuria.

Hakuuliza zaidi. Barua bado iko kwenye jokofu. Nimegundua amepigia mstari tarehe ya kuripoti.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mama mkwe kaja bila taarifa. Miwani yake imechakaa, na haoni sababu ya kwenda kwa fundi mwingine ilhali ana mkwe fundi. Begi lake kaliweka chumba cha wageni, juu ya kasha nilimoficha mishumaa.

Chakula cha jioni cha kupigia zile nyimbo nimekipanga Jumamosi. Cha watu wawili. Kumbembeleza mke mbele ya mama yake ni jambo ambalo hakuna Mfaransa aliyelitungia wimbo.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba dukani tunapima macho Jumamosi jioni tu, na Mzee Tai atampokea. Akajibu kwamba macho hupimwa asubuhi yakiwa hayajachoka, na kwamba kapiga simu dukani, kapangiwa kesho saa tatu. Kapangiwa na Mzee Tai. Yule mtu sitamsamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempima mama mkwe mwenyewe. Herufi zote za chini kabisa kazisoma. Nikashangaa. Akasema hajazisoma, kazikumbuka. Ubao huu ni uleule wa miaka minne iliyopita. Hana macho, lakini ana kichwa. Nilipaswa kuona hatari hapo hapo.

Nimeamua Jumamosi haibadiliki. Mama mkwe amezoea kulala mapema. Na hata akikaa, ni mama mtu mzima, Kifaransa kitapita sikio hili kitokee lile.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika ilivyokuwa.

Kuku wa kuoka, viazi, mishumaa miwili, spika kwenye sufuria. Mama mkwe akauliza kama umeme umekatika. Nikasema hapana, ni hali tu. Akasema hiyo hali haimwonyeshi mifupa, na miwani mipya bado. Nikawasha taa ya jikoni. Hali ikapungua robo.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Mama mkwe akaacha kutafuna. Nikafikiri umemgusa. Akaanza kucheka, polepole, mabega tu, mwisho akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Alisema yule bwana anasifia masharubu yake, na sasa hivi amefika kwenye lile la kushoto.

Nilibaki na uma hewani. Nikamuuliza kajuaje.

Ndipo nikaambiwa. Mama mkwe alipokea simu miaka kumi na tisa kwenye kampuni ya mbao ambayo wakubwa wake wote walikuwa Wafaransa. Alikuwa akiwapokea, akiwaunganisha, akiwatafsiria, na siku nyingine akiwakatia simu. Mke wangu alishangaa kwamba sijui. Nimekuwa mkwe miaka tisa. Nilijitetea kwamba hakuna aliyeniambia. Mama mkwe akasema hakuna aliyeuliza. Hakusema kwa ubaya.

Wimbo wa pili ulikuwa wa mbwa aliyekufa. Wa tatu ulikuwa wa mbwa yule yule, akizikwa. Nikainuka nizime. Mke wangu akaniambia nikae, anafurahia. Nikakaa. Na wa nne ukaingia.

Treni ikapiga filimbi. Mama mkwe akaweka kisu chini. Hakucheka tena. Akaanza kutafsiri mstari kwa mstari, kwa sauti yake ya simu, safi, bila haraka.

"Anasema, nenda mpenzi wangu. Usigeuke nyuma. Treni ikichelewa, nitaisukuma kwa mikono yangu. Wewe ni wa njia ndefu, na mimi nisiwe kizingiti cha kukukwaza."

Mwanamke wa kwenye sufuria akalia kwikwi zake. Mke wangu akazunguka meza, akanishika uso kwa mikono miwili, jambo ambalo sikumbuki lini alilifanya mara ya mwisho.

"Wiki nzima nimejiandaa kwa ugomvi," alisema. "Nikajua utanizuia. Kumbe ulikuwa unatafuta namna ya kunipa baraka zako."

Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na mdomo. Mama mkwe analia, mke wangu analia, mishumaa inawaka vizuri.

Nikasema, "Ndiyo."

Jumapili, 9 Machi

Mimi ni shujaa. Mama mkwe kawapigia simu dada zake wote watatu kuwasimulia. Mmoja kaomba kuzungumza na mimi, kaniambia laiti waume wangekuwa kama mimi. Nikashukuru.

Mke wangu anaimba. Kaandika jibu, kalitia kwenye bahasha. Ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati, kwa mkono mmoja.

Saa nane nilimfuata mama mkwe kwenye ngazi za nyuma. Nilimwomba, kama jambo la udadisi tu, anitafutie kati ya zile nyimbo thelathini na sita zilizobaki wimbo wa mtu anayemwambia mkewe asiende. Akanitazama juu ya miwani yake mikuukuu kwa muda mrefu sana. Akaelewa kila kitu. Niliona akielewa.

Sikusemwa. Aliniuliza tu kama yule aliyeko ndani anazungumza Kifaransa. Nikasema hapana. Basi akasema niende nikamwambie kwa lugha anayozungumza.

Nikaenda. Nikasimama mlangoni. Mke wangu alikuwa anakunja mashati. Nikamwambia bawaba ya kabati imelegea.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi, mlangoni. Amevaa, bahasha mkononi, begi la vipimo begani. Nilimsaidia kubeba begi hadi kizingitini kama kila siku. Akanyoosha mkono alichukue. Sikuliachia.

Akavuta. Nikavuta. Akauliza begi lina nini leo.

"Sitaki uende," nilisema.

Hakukuwa na mshumaa. Kulikuwa na harufu ya dawa ya viatu, na mama mkwe akipiga mswaki kwa nguvu kuliko inavyohitajika ili tuamini hasikii.

Mke wangu akakaa kwenye kiti cha kuvulia viatu. Nilingoja hasira, hazikuja. Nikamwambia na mengine: kwamba wimbo niliuchagua kwa sababu ya pumzi, kwamba sikujua hata neno, kwamba ile "ndiyo" ilinitoka tu. Akacheka mpaka buti moja likamvuka. Kisha akasema ile "sitaki uende" aliingoja tangu Jumatatu iliyopita, pale nilipomjibu habari za chai. Anakwenda, alisema, kazi hiyo ameitolea jasho na hataiacha. Ila hakutaka kuondoka kwenye nyumba ambamo hakuna aliyejali.

Halafu akasema jingine. Duka letu lina tawi kule kule kaskazini, na tangu mwaka jana wanatafuta fundi wa kusaga lenzi. Alipiga simu kuuliza Jumanne. Nafasi ipo. Hakuniambia kwa sababu hakutaka kunikokota kama mzigo. Alitaka niseme mwenyewe kwamba namtaka.

Tulibaki pale mpaka akachelewa kazini. Hajawahi kuchelewa.

Kilichobaki, alisema akiondoka, ni mimi kumwomba bosi uhamisho. Maneno matatu.

Jumatano, 12 Machi

Kila mtu ananiambia nimwombe tu bosi. Mke wangu kasema. Mama mkwe, ambaye miwani yake mipya imemkaa vizuri sana, kasema mara mbili. Hata Mzee Tai kasema mlango wa bosi uko wazi, niingie, niseme, nitoke.

Hawa watu hawana ufundi. Ombi kubwa kama hili haliingizwi kavukavu. Bosi lazima kwanza awekwe katika hali ya kuhamisha watu.

Nimepata nyimbo kumi na mbili za Kitaliano. Mwanamume mwenye kifua kipana anapaza sauti mpaka vioo vinatikisika. Bila shaka anaaga mji. Bosi hasikii sikio la kushoto, kwa hiyo spika nimeificha kwenye droo yake ya kulia. Kesho saa tatu kamili.