Kikohozi cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekuwa mtu wa maana. Kaka Mkubwa anataka kuuza nyumba ya Mama, na kesi iko mahakamani. Mama hajamaliza hata miezi miwili kaburini! Na Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, aliyemuuguza humohumo miaka minne, aende wapi? Kaka anasema hakuna wosia wa maandishi. Kweli, hakuna. Ila nina simu. Mwezi wa mwisho wa uhai wake, Mama aliketi kitandani nikamrekodi, akasema nyumba ni ya Kitinda. Dakika mbili na nusu. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nimemwambia Kitinda asifunge hata sanduku moja. Amelia. Nami nimelia kidogo, kwa heshima.

Jumanne, 4 Machi
Karani wa mahakama kasema hakimu yuko tayari kuisikiliza sauti ya marehemu, lakini nipeleke simu yenyewe, na mtaalamu wao aikague kwanza. Niipeleke ilivyo. Karudia mara mbili, ilivyo, kana kwamba nimetia pamba masikioni. Miaka ishirini nahariri video za harusi, halafu yeye anifundishe mambo ya sauti!

Jumatano, 5 Machi
Nimeisikiliza studioni. Balaa. Mama anakohoa mara kumi na moja, nimehesabu. Katikati pikipiki inapita. Wakili wa Kaka, yule mwenye viatu vya kung'aa, atasema mgonjwa hakuwa na akili timamu. Hapo nikapata wazo. Tangu nianze kazi sijamkabidhi mteja harusi yenye kikohozi. Basi nimemsafisha Mama. Vikohozi nje, pikipiki nje. Sasa anasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Kuna na pale aliponitazama akasema, "Na wewe mwenye simu, usiguse kitu. Ukigusa tu, kinaharibika." Hilo halihusu mirathi. Nimelikata. Kisha nikaihifadhi juu ya ile ya zamani, maana simu imejaa. Chema chajiuza!

Jumatatu, 10 Machi
Nimekabidhi simu. Mtaalamu ni binti mwenye umri wa wanangu, miwani minene. Nilimwambia asishangae ubora wake. Akasema hatashangaa. Kaka alikuwa kwenye benchi la korido, nikampungia mkono kama mshindi. Nyumbani Kitinda anapaka rangi chumba cha Mama. Mimi ndiye niliyemwambia apake.

Alhamisi, 13 Machi
Sijui nianzie wapi.

Binti wa miwani aliweka mezani karatasi yenye mawimbi ya sauti. Akasema faili limehaririwa tarehe tano Machi. Tarehe tano, Mama alikuwa chini ya udongo. Mikato kumi na mitatu. Mmoja umeondoa maneno, na hakuna awezaye kujua yalikuwa maneno gani. Huenda Mama alisema "isipokuwa". Huenda alisema "nimebadili nia".

Niliinua mkono nikaeleza yote, hata lile la kugusa vitu. Watu wakacheka. Hakimu akauliza ile ya mwanzo iko wapi. Nikasema nimehifadhi juu yake. Hapo hawakucheka tena. Wakili wa Kaka hakuhitaji hata kusimama. Hakimu akasema, kwa upole ulioniuma kuliko kufokewa, kwamba huenda nasema kweli, lakini sheria haiwezi kusikia kile nilichokifuta mwenyewe. Sauti imekataliwa. Nyumba itauzwa, tugawane sote watatu. Nikapewa onyo kali na simu yangu.

Nje, Kaka alinijia. Nilidhani anakuja kunicheka. Akauliza kama kweli Mama alisema vile. Nikamwambia alisema.

"Ungenisikilizisha mimi ile chafu, mdogo wangu," akasema. "Kikohozi cha mama yangu ningekijua. Sasa hii yako niiaminije?"

Akaondoka. Koti limemlegea mabegani. Sikuwahi kuona kwamba naye amekonda.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemsaidia Kitinda kufunga masanduku. Hakunilaumu. Afadhali angenirushia sufuria. Chumba bado kinanuka rangi. Aliomba jambo moja tu, aisikie sauti ya Mama. Nikaifungulia. Akasikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Kaka, huyu nani?"

Nikasema ni Mama. Akasema miaka minne ameamshwa na kile kikohozi, anakijua cha kiu, anakijua cha maumivu, anakijua na kile cha kumwita tu aje akae karibu.

"Umekipeleka wapi?"

Nikabeba kabati. Nimegonga mlango, kioo kimepasuka.

Jumapili, 16 Machi
Nimepata wazo!

Tangu asubuhi nimejifungia studioni nakohoa kwenye maikrofoni. Cha saba kimetoka chake kabisa, hata nikageuka nyuma kumtazama. Hakuwepo. Nikakaa kidogo, nikafuta macho, nikaendelea. Nahitaji kumi na kimoja. Nikishavipachika mahali pake nitampelekea Kitinda, wala hatajua. Tena muda wa kukata rufaa haujaisha, na mahakama ilitaka ile ya mwanzo. Wataipata.

Pikipiki nitaazima kwa jirani.