Feni ya Hita na Rangi ya Kucha

Gari lile lilipoingia karakana, Dokta alijua litamlisha wiki nzima. Lilikuwa la kizamani, limebonyea ubavuni, na kioo cha mbele kimeshika ukungu mpaka dereva akaamua kutoa kichwa dirishani na kunyeshewa. Dereva mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, mkoba kwapani, miwani puani. Dokta akameza mate.

Msidhani huo udokta aliusomea. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji: ncha moja anaiweka kwenye gari, nyingine sikioni, anafumba macho, kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyeleta habari za msiba. Wateja walikuwa wanalia kabla hata hajafungua mdomo.

Siku hiyo alikuwa na sababu ya kujituma. Kwenye benchi alikaa bwana mmoja wa suti, faili mapajani, aliyesema anatafuta fundi wa kuhudumia magari kumi ya shule, na kwamba leo angependa kukaa tu aone kazi inavyofanywa. Magari kumi! Dokta alishachoshwa na paa la mabati linalovuja juu ya kichwa chake. Kwa magari kumi angehamia karakana yenye sakafu ya saruji, na jina lake angeliandika mlangoni kwa rangi ya bluu. Tangu asubuhi alikuwa hafikirii kingine.

Mama akaeleza shida yake. Feni ya hita, ile inayofuta ukungu kiooni, ilikuwa imegoma: namba moja kimya, mbili kimya, tatu kimya, ukiweka nne inanguruma mpaka hasikii honi za wenzake, ndiyo maana ameona bora anyeshewe. Fundi yeyote mwaminifu angemwambia palepale kwamba mota ni nzima, ila rezista, kale kadude ka kupunguza kasi, kameungua. Ni skrubu mbili tu, na chai yako haijapoa. Dokta alilijua hilo vizuri sana. Akaweka mpira wake chini ya dashibodi, akafumba macho.

“Pole, mama. Mota imekwisha.”

“Mbona namba nne inavuma?”

“Hata mgonjwa huchangamka kidogo kabla ya kukata roho, mama yangu.”

Mama akashusha pumzi, akasema basi ibadilishwe. Mota ilikaa upande wa abiria, na mlango wa upande huo ukamtoa Dokta jasho. Aliuvuta mara tatu bila mafanikio, hadi mama akamfundisha kwamba unauinua kidogo, unausukuma kwa nyonga, ndipo unavuta. Akaitoa mota, akaingia nayo nyuma ya pazia.

Huko, chini ya meza, iliishi mota moja nyeusi iliyoungua, inayonuka. Kwa miaka mitatu kila mteja wa feni alionyeshwa hiyo na kuambiwa ni yake. Mama naye akaletewa, akaziba pua. Huku nyuma mota yake halisi ilioshwa kwa petroli, ikafutwa, ikatiwa kwenye boksi safi, ikawa mpya kutoka dukani. Kazi nzuri, lazima tukubali.

Kabla haijafungwa, mama akaomba aishike. Akaigeuza, akachungulia chini ya mapanga yake.

“Mwanangu,” akasema kwa upole, “hii mpya yako imepakwa rangi ya kucha.”

Akanyoosha vidole. Kucha zake zilikuwa za rangi ya zambarau, na chini ya panga kulikuwa na nukta ya rangi ileile. Petroli hutoa mafuta na vumbi, lakini haikuweza kuitoa rangi hiyo.

Dokta akatupa jicho kwenye benchi. Bwana wa suti alikuwa anasoma faili lake. Akamsihi mama waongee taratibu.

“Sauti hii ni namba moja tu,” mama akamjibu. “Swichi yangu haijaharibika, inafika mpaka nne.”

Basi mota ikarudishwa na rezista ikafungwa, vyote bure. Ndipo mama akakumbuka kwamba hata betri yake imechoka. Dokta alipojifanya hajasikia, mama akapanda namba mbili, na betri mpya ikapatikana. Alipofika namba tatu bwana wa suti aliinua kichwa, na tairi mbili ambazo Dokta alijiwekea kwa ajili ya gari lake zikafungwa mbele upesi upesi. Mwisho mama akaitaka ile mota iliyoungua, maana kifaa kilichotolewa ni mali ya mwenye gari, na bwana wa suti akaitikia kwa kichwa. Dokta akaikabidhi huku roho inamuuma.

Bwana akasimama, akampa mkono, akasema ameridhika kabisa. Kisha akalifuata gari, akauinua mlango wa abiria kidogo, akausukuma kwa nyonga, akauvuta. Ukafunguka mara moja.

“Baba nanii, funga mkanda,” mama akasema, akampakatisha mota nyeusi na kuwasha feni namba moja. Kioo kikang'aa taratibu, wakaondoka.

Dokta alibaki amesimama mvuani. Aliona uchungu, kisha, haki ya Mungu, akacheka peke yake. Alasiri ikaingia teksi kuukuu, feni yake inavuma namba nne tu. Mkono wa Dokta ukaenda wenyewe chini ya meza, ukapapasa, ukaambulia tambara.

“Ni rezista,” akamwambia dereva. “Kaa hapo, ni dakika kumi.”