Malalamiko ya Mtunza Vyombo Kuhusu Sufuria ya Maulidi na Maji ya Miti

Thornhill, Ontario
Jumatatu, 9 Machi 2009

Kwa Bwana Hyderali,
Mwenyekiti wa Kamati ya Jiko.

Assalamu alaikum, kaka yangu.

Kwa heshima zote, na kwa masikitiko ambayo nitajitahidi yasiharibu mwandiko, mimi Daulat, mtunza vyombo wa jumuiya yetu kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, naleta mbele ya kamati yako mashtaka dhidi ya Bwana Madatali, mkazi wa Thornhill, mstaafu wa kulazimishwa, mgonjwa wa kisukari, na mume wangu.

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba ninaandika kama mtunza vyombo. Mke wake naye ana yake ya kusema, lakini hayo hayafai kupita mikononi mwa wajumbe. Nimechagua Kiswahili kwa sababu wewe na mimi tulifundishwa kuandika kwa fimbo moja, shule moja, kule Lindi, na kwa sababu Kiingereza changu kinatosha kununua nyama, hakitoshi kumshtaki mume.

Kama ujuavyo, Jumamosi hii tuna Maulidi ya Mtume, na watu mia nne wanategemea pilau. Pilau hiyo haijawahi kupikwa ila kwenye ile sufuria kubwa kuliko zote, ambayo wapishi wetu wanaiita Bi Kubwa, iliyokuja na meli kutoka nyumbani ikiwa imejazwa nguo za watoto ili nafasi isipotee. Katika kikao cha wiki jana uliniuliza mbele ya watu Bi Kubwa yuko wapi. Nilijibu kwamba yuko kwenye matengenezo. Mungu anisamehe. Bi Kubwa yuko nyuma ya nyumba yangu, juu ya mafiga matatu, anachemsha maji ya mti. Na sheria ya stoo naijua vizuri kwa sababu niliitunga mwenyewe: mtunza vyombo akishindwa kurudisha chombo, anakabidhi ufunguo.

Kwa faida ya wajumbe ambao bado wana akili timamu, nieleze kwanza kazi yenyewe. Kuna mti unaitwa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya nchi hii. Baridi inapokaribia kwisha, usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, mtu anautoboa kwa keekee, anapachika mrija, anatundika ndoo, na mti unadondosha maji tone kwa tone. Maji hayo hayana rangi wala harufu, na ladha yake ni ya maji ambayo mtu ameyatajia sukari kwa mbali. Anayachemsha kutwa, na kesho yake kutwa nzima tena, mpaka ndoo arobaini zimebaki ndoo moja ya asali. Asali hiyohiyo inauzwa dukani, dakika tano kwa gari, ndani ya chupa nzuri yenye kishikio. Nilimweleza hivyo. Alinitazama kana kwamba nimependekeza tununue watoto.

Mashtaka ni haya:

1. Kuhusu sufuria. Mshtakiwa aliniomba ufunguo wa stoo akisema anamhitaji Bi Kubwa kwa jioni moja tu. Jioni hiyo sasa ina wiki mbili. Kila nikimkumbusha ananijibu kwamba maji yakikatizwa katikati yanaharibika, na yakimalizika yanakuta ndoo nyingine zimejaa. Kwa hesabu hiyo Bi Kubwa hatarudi mpaka miti ya Ontario iishe.

2. Kuhusu nyumba. Alianzia jikoni mwangu. Bi Kubwa alifunika mafiga yote manne ya jiko la umeme na bado akaning'inia pande zote. Siku ya pili karatasi za ukutani zilibanduka. Siku ya tatu kengele ya moshi ililia mpaka jirani akaja na koti juu ya pajama. Picha ya marehemu mama mkwe ilijikunja ndani ya fremu kwa mvuke hadi akaonekana anacheka, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia alipokuwa hai. Hapo ndipo nilipowafukuza wote wawili, mume na sufuria. Hawakwenda mbali. Aling'oa mawe ya njia yangu ya bustanini, akajenga mafiga, na wenzake wa zamani wa kiwandani wanamletea paleti za mbao kutoka kwenye maghala ya Downsview. Wakifika hawaondoki. Wanakaa kuuzunguka moto kwenye theluji wakinywa chai yangu.

3. Kuhusu ladha. Bi Kubwa amepika pilau miaka thelathini. Unaweza kumwosha, lakini huwezi kumsahaulisha. Asali aliyoitoa Madatali ina rangi nzuri, ni nzito, na inanukia bizari, karafuu, na kwa mbali sana, mbuzi. Alimpelekea kikombe jirani yetu Mrusi kama zawadi, bila kuniuliza. Mrusi alionja, akaingia ndani akafunga mlango. Nilianza kuulizia wanasheria. Baada ya robo saa alirudi na chupa kubwa zaidi. Lakini nauliza kama mtunza vyombo: ikiwa pilau imeingia kwenye asali, nini kitaizuia asali isiingie kwenye pilau? Watu mia nne wakila pilau tamu siku ya Maulidi, jina litakaloitwa ni langu.

4. Kuhusu sifa yetu. Ukimwambia mtu wa pwani kwamba mzee fulani anaamka mapema, anatoboa mti, anakinga maji yake na kurudi nyumbani anachekacheka, hahitaji maelezo zaidi. Sasa upande wa kina mama inasemekana kwamba Madatali amekuwa mgema. Wiki iliyopita mama mmoja wa Kilwa, mtu mzima, hajati huyo, alinivuta pembeni baada ya sala akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunagema tembo tamu au kali. Nilipomwapia kwamba ni maji matupu, aliondoka akiwa amekata tamaa kuliko nilivyotegemea. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wangu maji anayatia moto, na sifa anajipa mwenyewe.

5. Kuhusu ibada. Kwa miaka thelathini na sita nimemwamsha mtu huyu kwa sala ya alfajiri kwa kumvua blanketi. Sasa anaamka kabla yangu. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu, nikampigia simu dada yangu kumpa habari njema. Kisha niligundua kwamba akishatoa salamu tu, kabla hata mswala haujakunjwa, viatu viko mguuni na yuko nje anachungulia ndoo. Dua ndefu anaziombea hukohuko, na nyingi ni za kuomba usiku ugande.

6. Kuhusu sukari. Ana kisukari. Anasema kuonja si kula. Anaonja kwa kijiko cha kuchotea mchuzi.

7. Kuhusu kelele. Unakumbuka kiwanda alichofanyia kazi kilifunga milango mwezi wa kumi na moja. Tangu hapo Madatali alikaa kwenye kiti cha dirishani na rimoti mkononi, na maneno yake kwa siku nzima yalikuwa mawili: ndiyo, na baadaye. Nikimuuliza ale nini, baadaye. Nikimuuliza kama amesikia, ndiyo. Nyumba ilikuwa na utulivu ambao majirani wangeweza kulipia. Utulivu huo umekwisha. Sasa anaongea mezani, anaongea bafuni, anaongea na watu waliokosea namba ya simu. Ananieleza mapovu makubwa yana maana gani na madogo yana maana gani. Juzi alimkalisha mjukuu wetu Fareen, yule anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, akamsimulia kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, jinsi mama yangu mimi alivyokuwa akichemsha tembo la mnazi likawa asali ya kumwagia vibibi. Msichana alizima simu yake. Akauliza maswali. Akamwambia babu yake, "Nana, that's actually so cool," na kesho yake akaja na wenzake watatu. Ilibidi nikaange sambusa. Hasara hiyo naomba iandikwe.

8. Kuhusu mali ya wakfu. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mti wetu ni mmoja, na Bi Kubwa ana tumbo la watu mia nne. Mshtakiwa alimaliza mti wetu, akamaliza wa Mrusi, akamaliza wa yule mama wa pembeni mwenye mbwa. Ijumaa iliyopita, wakati wewe ulipokuwa unasikiliza hotuba, alitundika ndoo mbili kwenye mepo miwili ya uwanja wa jumuiya wa kuegesha magari, mmoja ukiwa ule ambao unaegesha chini yake gari lako. Mti ule umesimama kwenye ardhi ya wakfu. Basi na maji yake ni wakfu. Na kama maji ni wakfu, asali ni wakfu. Na kwa kuwa maji hayo yamechanganywa na ya kwetu, ya Mrusi na ya mama mwenye mbwa, sasa sisi wote pamoja na mbwa tuna ubia na jumuiya katika chupa kumi na moja zilizopangwa chini ya kitanda changu. Sijui ni alimu gani atakayeweza kuzigawa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naiomba kamati:

Kwanza, itume vijana wawili wenye nguvu kabla ya Alhamisi wamkomboe Bi Kubwa. Waje na glavu, na wasikubali kuonja chochote, maana wa kwanza niliyemtuma alionja na sasa ndiye anayepasua kuni.

Pili, ipitishe azimio kwamba hakuna muumini wa jumuiya hii, hasa aliyeachishwa kazi, atakayekaribia mti akiwa na keekee.

Tatu, iliandikie baraza la mji ling'oe mepo yote katika mtaa wetu na kupanda mti usio na maji ndani.

Nne, kwa kuwa ugonjwa hutibiwa kwenye mzizi, iiombe serikali kwa adabu iliondoe lile jani kwenye bendera. Ni uchochezi. Mtu analiona posta, analiona benki, analiona kwenye kopo la maharage. Hata awe mtulivu vipi, mwishowe atachokozeka. Waweke pale kitu kisichochemshika. Sina upendeleo. Jiwe litatosha.

Nisalimie wifi yangu Nazmin, na umwambie mabakuli yake mawili yako kwangu, masafi, hayajaguswa na asali. Wasalimie wapishi wote na vijana wa kupanga viti. Wasalimie pia wajumbe, kasoro yule aliyemwazima Madatali keekee. Anajijua, na vitumbua vyangu asivitazamie mwaka huu.

Nabaki mtumishi wenu, mwenye moshi kichwani na kwenye nguo,

Daulat Madatali,
Mtunza Vyombo.

Tanbihi, Jumatano jioni.

Barua hii imekaa kwenye mkoba wangu siku mbili kwa kukosa stempu, na leo asubuhi niliona nisiwasumbue vijana. Niliuzima moto mwenyewe. Nilimimina kilichokuwamo, nikamsugua Bi Kubwa kwa majivu na ndimu mpaka nikajiona uso. Madatali hakugomba. Alinisaidia kumpakia garini, akamfunga blanketi asigongwegongwe njiani. Kisha akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akauliza rimoti iko wapi.

Mchana nilimuuliza kama nimwongezee wali. Akasema baadaye.

Nilikaa jikoni nikausikiliza ule utulivu nilioulilia hapo juu, namba saba. Niliogopa, kaka Hyderali. Mwezi wa kumi na mbili niliogopa hivyohivyo, usiku na mchana, na sikumwambia mtu, maana hakuna kamati ya kupelekewa mashtaka ya namna hiyo.

Basi Bi Kubwa haji kwenye Maulidi. Amerudi kwenye mafiga, na safari hii moto nimeuwasha mimi. Nilisimama mlangoni nikapiga kelele kwamba ndoo zimejaa, maji yanamwagika, na mimi kuchuja sijui. Alitoka bila kofia. Tangu saa hiyo hajanyamaza: kuni nimezipanga vibaya, kitambaa cha kuchujia nimekikunja vibaya, mwiko nimeushika kama mtu anayesonga ugali.

Pilau mtapika kwa zile sufuria tatu za kati. Jumamosi nitakuja alfajiri kukaanga vitunguu mwenyewe, na yeyote atakayeuliza Bi Kubwa yuko wapi, mwambieni ukweli. Ufunguo wa stoo uko ndani ya bahasha hii, kwa mujibu wa sheria niliyoitunga.

Wale vijana wawili bado nawahitaji. Waje na ndoo.

Ombi la nne nimelifuta. Jani libaki palepale.