Viungo vya Piko

Jumapili, 12 Mei
Mtihani wa vitendo Alhamisi! Bi Zulekha, mwalimu wetu wa uchunguzi wa mwili, anataja kiungo, nawe unapapasa tumbo au kifua cha mgonjwa na kuonesha kilipo. Ukifeli na marudio pia, chuo basi. Na baba keshawaambia kijiji kizima cha Gando mwanawe ni daktari! Watu wanamletea miguu iliyovimba. Mwenzangu Hudhaifa anasoma tu, kitabu hakimtoki mkononi. Maskini. Mimi natumia akili.

Jumatatu, 13 Mei
Nimepata! Dada yangu Khairat huwachora maharusi piko, ile rangi nyeusi ya mapambo. Atanichora viungo vyote, kifuani na tumboni. Mtihanini nalegeza kifungo, nachungulia ndani ya shati, najibu. Alikataa. Kasema piko ni ya wanawake, na haitoki wiki mbili. Nikaahidi kumfulia nguo mwezi mzima. Akakubali kabla sijamaliza kusema.

Jumanne, 14 Mei
Kazi imekwisha! Nililala chali saa tatu nzima, kitabu mkononi, namwelekeza. Kwenye picha ini liko mkono wa kushoto, basi nami kushoto. Moyo kulia. Bandama kaizungushia maua, eti mkono umezoea. Nimependeza!

Alhamisi, 16 Mei
Sitaki kuandika. Naandika.

Mgonjwa tuliyeahidiwa hakuja, kaenda mazikoni Kiuyu. Bi Zulekha akatutazama, akaninyoshea kidole, akasema Haidar mwembamba, mbavu zinahesabika, avue shati alale kitandani. Nikasema nina homa. Akasema vizuri, mgonjwa wa kweli. Nikasema naona haya. Akasema daktari hana haya. Nikavua.

Darasa zima likaangua kicheko! Mwenzetu Safaa kauliza harusi lini. Bi Zulekha hakucheka. Alivaa miwani, akaeleza kwamba mtu wa kitabuni anakutazama, kwa hivyo kushoto kwa picha ni kulia kwake. Mimi nimejichora kinyume, mwili mzima! Akanilaza pale pale. Wanafunzi kumi na tisa wakapita mmoja mmoja, wakionesha ini langu la kweli, kisha la piko kama mfano wa kosa. Mikono ya Hudhaifa baridi kama barafu. Wote wamefaulu. Mimi sifuri. Marudio Jumatano.

Jumamosi, 18 Mei
Furaha! Nimemjua mgonjwa wa marudio: Mzee Mabruki, mchinjaji wa Wawi. Nimempelekea halua. Tumekubaliana mkono wangu ukifika penye ini, akohoe. Akaniuliza ini lake liko wapi. Safari hii sikusahau somo la Bi Zulekha! Yeye kanielekea, nikageuza. Kisha nikakumbuka kwamba nami nimemwelekea yeye, nikageuza tena, kwa uhakika. Nikamwonesha kushoto kwake.

Mzee akabisha. Kasema amechinja mbuzi miaka arubaini, na wote ini lao lilikuwa kulia. Nikamsihi kwa adabu ale halua yake, akohoe nikigusa pale nilipomwonesha, mambo ya elimu atuachie sisi madaktari.