Mechi Tatu za Ugenini na Jamaa Zangu Wote

Jumanne, 9 Agosti 2016. Bunia.

Kamate amejaza lori. Timu yetu, Étincelle, ina mechi tatu za ugenini: kesho Iga Barrière, Ijumaa Bogoro, Jumapili Kasenyi. Jumatatu sisi washabiki tunachagua rais wetu. Kamate anautaka urais. Mimi pia, na mimi ninastahili. Nani amepiga ngoma miaka sita, jua na mvua? Kamate ana filimbi tu. Leo nilipoomba nafasi kwenye lori, alinijibu kwa upole kwamba viti vimeisha. Lori lenyewe halina kiti hata kimoja. Watu husimama.

Rébecca, sekretari wetu, amesoma sharti: mgombea ambaye hakuonekana kwenye walau mechi moja kati ya hizi, toka mwanzo hadi mwisho, jina lake litafutwa. Mechi moja! Nitaziona zote tatu.

Nimeongea na Osée, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Ana pikipiki, moto kama tunavyoiita hapa. Alikubali kwa neno moja la kikatili: "Moto njo yangu. Chakula ya njia njo yako."

Hakuna shida. Nina jamaa kila mahali. Tutafika kwao asubuhi, nitasema nimewakumbuka, tutakula, saa nane tutaaga. Habari za mpira sitazitaja. Jamaa akigundua kwamba amegeuzwa hoteli, moyo humuuma.

Jumatano, 10 Agosti. Iga Barrière.

Saa tano tulikuwa kwa shangazi Léontine. Ngoma ilikuwa ndani ya gunia. Nikasema ni mzigo wa Osée. Shangazi alifurahi hadi akafuta machozi. Kisha akatuletea kuku akiwa hai, amemshika mabawa, kama desturi inavyotaka: mgeni amwone kuku wake kwanza, ajue ameheshimiwa. "Kuku yenu njo hii," akasema. Ukishaonyeshwa kuku, huondoki mpaka umemla. Hata Kamate anajua hilo.

Kuku akamponyoka. Tulimfukuza sote watatu, shambani, chooni, kwa jirani, hadi saa saba na nusu. Bado maji yachemke. Bado manyoya. Kuni zilikuwa mbichi. Saa tisa nikasikia kelele za uwanjani, nikasimama. Shangazi akauliza ninakwenda wapi na sufuria iko jikoni. Nikakaa.

Firigisi ilifika kwenye sahani yangu saa kumi na nusu. Osée alikula mapaja yote mawili, akasema safari imeanza vizuri. Ikabidi tuondoke mbio kabla wanajeshi hawajafunga kizuizi cha barabarani. Tulishinda mbili kwa moja. Aliyenieleza ni Kamate, kwa kirefu.

Ijumaa, 12 Agosti. Bogoro.

Nimejifunza. Adui ni kuku. Kwa hiyo nilipofika kwa mjomba Anaclet nilimwambia mapema kwamba mimi na Osée tumefunga, tunamwomba Mungu, hatugusi chakula hadi jioni. Osée alinitazama vibaya. Nilikuwa sijamweleza.

Nilisahau kwamba mjomba ni shemasi. Alinishika mabega yote mawili. "Siye pia tulikuwa tunatafuta watu ya kufunga nao. Mungu njo amewaleta." Akatuma habari. Kabla ya saa nane sebule ilikuwa imejaa kikundi kizima cha maombi, akina mama kumi na mmoja, na mlango nyuma yao. Tukaombea amani ya Ituri, barabara, mvua, wagonjwa kwa majina. Niliomba kwa nguvu kuliko wote, refa achelewe. Hakuchelewa. Tulimaliza saa kumi na moja.

Sare, bila goli. Njia nzima Osée alinidai chakula chake cha njia.

Jumapili, 14 Agosti. Kasenyi.

Leo, jamaa hapana. Nilimwahidi Osée samaki wa ziwani, wa kununua, kwa mama asiyenijua. Saa saba nilikuwa uwanjani, kabla ya lori lenyewe kufika. Rébecca akaandika jina langu. Kamate akaiangalia filimbi yake kama imeharibika. Saa tisa mpira ukaanza na ngoma yangu ikaanza. Dakika ishirini za raha kamili.

Kisha watu wakapisha njia. Nilimwona binamu yangu Clémence amemshika mkono Koko Véronique, mdogo wa nyanya yangu, mzee wa miaka themanini na zaidi, macho yake hayaoni tena. Shangazi alikuwa amempigia simu mjomba, na mjomba amempigia Clémence: Stéphane anazunguka kuwaona jamaa, mmoja mmoja. Walikuwa wananingoja tangu asubuhi. Waliposikia ngoma, Koko alisema ni mimi, mapigo yale yale ya utotoni.

Alinigusa uso wote. "Weye njo Stéphane? Tangu vita, hakuna mutoto wa dada yangu alikuja kuniona. Ni weye tu."

Nilitaka kumweleza ukweli. Nilishindwa. Niliona aibu, na pia sikutaka auachie mkono wangu. Rébecca alikuwa anatazama kalamu yake. Nikamwachia ngoma, nikaenda, Osée nyuma yangu.

Nyumbani Koko alinitajia wote: waliokufa, waliobaki Uganda, asiojua waliko. Akanifanya nirudie majina ya watoto wangu mpaka akayashika. Nilisikia goli mara tatu na sikuuliza la nani. Nakiri nilikuwa na furaha. Halafu Clémence akaingia na kuku hai.

Jumatatu, 15 Agosti. Bunia.

Jina langu limefutwa. Kamate ni rais, mikono yote juu, hata wa Osée. Msaliti.

Lakini sikiliza. Kamate alitangaza mechi ya kirafiki Komanda, Jumapili ijayo, akalalamika kwamba washabiki husafiri na njaa. Osée akasimama, akaeleza mapaja ya Iga na kuku wa Kasenyi, polepole, kwa heshima. Kisha makofi. Wamenichagua mkuu wa mapokezi ya ugenini. Cheo kipya! Nilikubali kabla Kamate hajamaliza kusema. Rais apewe filimbi; anayelisha watu ndiye anayetawala. Mwakani kiti ni changu.

Komanda ninaye baba mdogo, Floribert. Nimempigia simu sasa hivi. Nimemwambia nimemkumbuka sana, na kwamba nitakuja na marafiki wachache. Ni thelathini na wanne, lakini idadi hakuiuliza. Mpira sikuutaja. Ameniambia anakwenda kutafuta kuku.

Nimemhakikishia Osée: tukila haraka, tutauwahi mpira.