Sakafu ya Mita za Ujazo Elfu Mbili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye amesimama kwa sababu viti vimeishia kwetu, wataalamu mlioalikwa na wataalamu mliojialika, fundi mwashi, dada yetu mkunga, kina mama wajawazito mliopanga mstari tangu asubuhi, na wote ambao itifaki imewasahau. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Nimesimama mlangoni mwa wodi hii ya wazazi kuzindua sakafu, na si sakafu hivi hivi, bali sakafu shirikishi, jumuishi na endelevu, iliyobuniwa katika semina elekezi tatu na warsha moja, kufuatia barua saba za dada yetu mkunga, aliyelalamika kwamba humu ndani ni vumbi tupu na kwamba mtoto akizaliwa, pumzi yake ya kwanza ni kikohozi. Barua zote saba nilizipokea kwa mikono yangu mwenyewe, nikaziweka kwenye faili. (Makofi.)

Sasa niwape utaalamu kidogo. Wodi ina urefu wa mita ishirini na upana wa mita kumi, kwa hiyo eneo ni mita za mraba mia mbili. Unene wa zege ni kumi. Eneo ukilizidisha kwa unene unapata ujazo, yaani mita za ujazo elfu mbili, hesabu niliyoipiga kichwani, mbele ya mashahidi. (Makofi. Fundi mwashi ananyoosha mkono.)

Naona fundi anataka kunipongeza. Haya, kwa ufupi. (Fundi anasema ile kumi ni sentimita, si mita, kwa hiyo zege linalotakiwa ni mita za ujazo ishirini tu, hizo elfu mbili zikimwagwa humu zitapanda mita kumi na kulifunika paa. Kicheko nyuma.)

Ahsante, fundi, ingawa huo ndio mtazamo finyu unaoturudisha nyuma. Wewe unaona sentimita, sisi tunaona dira. Elfu mbili imo kwenye ripoti, ripoti ina muhuri, na utekelezaji umefikia asilimia mia moja na kumi, ile kumi ya juu ikiwa ni bidii yangu binafsi. (Makofi machache.)

(Mkunga: “Mheshimiwa, zege lenyewe liko wapi? Nina mama ndani, uchungu umemkolea.”)

Swali zuri, dada yangu. Eneo lipo, unalikanyaga kila siku. Ujazo upo, nimekusomea. Kilichobaki ni unene tu, na unene uko kwenye mchakato. (Mkunga anarudi ndani.)

Sakafu kwanza! (Mstari wa mbele: Sakafu kwanza!) Unene baadaye! (Mstari wa mbele unaitikia, kisha unatazamana.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru kwa dhati aliyenyunyiza maji humu asubuhi ili vumbi lisituharibie viatu. Nawashukuru kina mama kwa uvumilivu, na mniwie radhi nikiondoka mapema, kwani binti yangu amejifungua leo, hospitali ya mbali kidogo, ambako nasikia sakafu ni vigae vitupu.

(Anakata utepe, makofi. Ndani ya wodi mtoto anazaliwa. Kabla hajalia, anakohoa.)